Nyanya Yuko Ukurasa wa Ngapi?



Kuna ukurasa mmoja kwenye kila jarida ambao watu wanaupita mbio. Jalada utaliangalia, utalipiga picha, utamtumia rafiki yako. Makala utasoma, angalau ile moja ya msanii unayempenda. Lakini ule ukurasa wenye neno YALIYOMO juu, halafu orodha na namba chini yake? Huo unaufunua ukiwa safarini kwenda ukurasa mwingine.

Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka vijana wa klabu ya muziki ya shule moja hapa Minjila waliponiomba niwasaidie na jarida lao la kwanza. Karatasi tano za A4, unazikunja katikati, unapiga stepla, unapata kurasa 20. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Kilichobaki, waliniambia, ni "kupendezesha tu hiyo Yaliyomo."

Wakanionyesha kwa simu. Ilikuwa kali, siwezi kudanganya. Picha kubwa ya msanii wa Nairobi upande wa kushoto, namba nyekundu, herufi nene. Ukurasa wa 4, jina la huyo msanii kwa herufi kubwa kuliko jina la jarida lenyewe. Ukurasa wa 8, staa wa Nigeria. Ukurasa wa 11, vibao kumi vya mwaka. Ukurasa wa 14, spika za bei nafuu. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu: "Nyimbo za kienyeji, 18."

Basi, imeisha hapo.

Sasa, ukifungua huo ukurasa wa 18 unakuta nini? Unakuta kazi pekee kwenye jarida zima ambayo hao vijana waliifanya kwa miguu yao. Walitembea vijijini, wakarekodi kwa simu, wakaandika maneno, wakauliza maana yake. Yale mengine yote yalitoka kwenye intaneti. Huyo msanii wa ukurasa wa 4 hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuongea naye.

Nyuma ya darasa kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili, kimya tangu nifike. Nyanya yake ndiye aliyeimba ile bembelezi ya Kipokomo ya ukurasa wa 18. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwani nyanya yangu hana jina?"

Hakuna aliyejibu. Na mimi, niliyeitwa kama mtaalamu, nilikuwa nimeutazama huo ukurasa dakika kumi nzima nikiwaza rangi.

Hiyo posti ya leo ni jibu langu kwake. Nimechelewa, lakini nimeenda kutafuta historia, na historia iko upande wake.

WIMBO UNAOUSIMAMIA KILA JUMATATU

Tuanze na wimbo ambao kila mmoja wetu anaujua. Ukiwa Mkenya umeuimba uwanjani shuleni, jua likikuchoma kisogo, bendera ikipanda. Wimbo wa taifa.

Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kupata uhuru, iliundwa kamati ya wanamuziki watano kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakutaka kuiga muziki wa bendi za kijeshi za Ulaya. Walitaka sauti ya nyumbani. Wakaipata wapi? Huku kwetu. Sauti ya wimbo wa taifa la Kenya imetokana na bembelezi ya Wapokomo, wimbo ambao mama wa Mto Tana alikuwa anamwimbia mtoto anayelia.

Soma hiyo tena polepole. Kile kitu kinachopigwa mwanariadha wetu akisimama jukwaani na medali shingoni kilianza kama sauti ya kumlaza mtoto kando ya huu mto.

Sasa nenda kamuulize mtu yeyote, Nairobi, Kisumu au hata Malindi hapo: nani alitoa ile sauti? Wachache watakutajia kamati. Wengi hawatakutajia mtu. Ukitafuta sehemu ya mtunzi wa muziki, mara nyingi utakuta maneno mawili matatu tu: wimbo wa asili, Wapokomo. Vyombo vya habari vya Kenya vimemtaja Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River kuwa ndiye aliyewapa wanakamati hiyo sauti. Lakini jina lake halijakaa vichwani mwa watoto wa shule jinsi majina ya mawaziri yalivyokaa.

Ndio maana lile swali la darasani lilinigonga. Tana River ilishatoa nyimbo mpaka ikatoa wa taifa. Tulichokosa ni mstari kwenye orodha wenye jina letu. Na tazama kilichofanyika sasa: jarida la wanafunzi, lililotengenezwa hapahapa Minjila na watoto wa hapahapa, likachukua bembelezi nyingine kutoka mto uleule na kuiandika "nyimbo za kienyeji". Hakuna mzungu wala mtu wa Nairobi aliyetulazimisha. Tulijifanyia wenyewe, kwa rangi ya kijivu.

HERUFI NDOGO, KESI KUBWA

Kuna mtu atasema, "Bana, ni orodha tu. Mtu akifungua ukurasa atasoma jina ndani."

Ndugu, ngoja nikupeleke kwa Malaika.

Wimbo huo unaujua hata kama hujui kwamba unaujua. Fadhili William, kijana wa Taita Taveta, aliurekodi karibu 1960 na kundi la Jambo Boys. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba, ukazunguka dunia. Mwaka 1965 ulikuwa kwenye albamu yake na Harry Belafonte. Mwaka 1981 Boney M. nao wakautoa. Hoteli nyingi za Pwani unapigwa usiku kwa watalii.

Lakini wimbo ni wa nani? Fadhili William alisema ni wake. Adam Salim, Mtanzania, akasema aliutunga yeye mwaka 1945 akiwa Nairobi. Mabishano hayo hayakuisha hata baada ya Fadhili kufariki 2001. Na mabishano ya aina hiyo huanzia mahali padogo sana: ile karatasi ya duara katikati ya sahani ya santuri, ambapo kuna jina la wimbo, jina la anayeimba na, kwa herufi ndogo kabisa, jina la mtunzi. Nafasi yenyewe haitoshi hata kidole gumba. Lakini jina litakaloandikwa hapo ndilo litakalodai pesa miaka 40 ijayo, na jina lisiloandikwa litalazimika kubisha hodi na mashahidi.

Kwa hiyo orodha ya yaliyomo ni lebo ya santuri ya jarida. Ndiyo watu watakayopiga picha. Ndiyo mtu wa maktaba ataiangalia miaka 30 ijayo kujua humo ndani kuna nini. Kama jina haliko hapo, kwa mtu huyo haliko popote.

ORODHA ILIANZA KWA HESHIMA

Kitu kilichonishangaza zaidi nilikikuta mbali, Roma ya kale. Pliny Mzee alikuwa afisa wa Kirumi aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu wote: wanyama, mimea, madini, nyota. Juzuu 37. Alikimaliza karibu mwaka 77. Juzuu ya kwanza yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni orodha ya yaliyomo. Alimwandikia Titus, mtoto wa Kaisari, kwamba ameweka orodha ili mtu mwenye shughuli nyingi asilazimike kusoma kila kitu. Aende moja kwa moja anapotaka. Yaani ile sababu yetu ya leo ndiyo yake.

Lakini hakuishia kwa mada. Kila juzuu, baada ya orodha ya mambo, aliweka orodha ya watu aliochukua maarifa kwao. Majina. Na akalalamika kabisa kwamba amegundua waandishi wengine wananakili kazi za waliowatangulia neno kwa neno bila kuwataja. Kwake yeye hiyo ilikuwa aibu. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, jamaa alikuwa anakasirikia kunakili na kubandika!

Kwa hiyo mtu akikuambia yaliyomo ni mada na namba tu, mwambie mojawapo ya orodha kongwe zaidi tulizonazo ilikuwa na majina ya watu.

Orodha pia inaweza kufanya kitu kingine, ambacho sisi wapenzi wa muziki tunakijua vizuri: kupanga nani wa kwanza. Tarehe 14 Novemba 1952, gazeti la muziki la Uingereza, New Musical Express, lilichapisha orodha ya kwanza ya nchi hiyo ya rekodi zinazouzwa sana. Ilivyopatikana ni rahisi ajabu: mfanyakazi wa gazeti, Percy Dickins, alipigia simu maduka kama 20 akauliza nini kinauzwa wiki hii. Simu chache tu. Na watu wakazoea kuuliza wimbo uko namba ngapi. Hakuna aliyepigia simu kijiji. Kisichouzwa dukani hakikupata namba, na kisichopata namba kikaanza kuonekana kama si muziki kamili.

Hapo ndipo ule mpangilio wa vijana wetu ulipotoka, bila wao kujua. Kule Uingereza, kwa miaka mingi, wanafunzi wa somo la vyombo vya habari wamepewa kazi ya shule ya kubuni jarida la muziki: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala ya kurasa mbili. Wakaiga magazeti yao, Q, Kerrang!, NME, halafu wakaweka kazi zao mtandaoni. Leo ukitafuta mfano wa ukurasa wa yaliyomo, hizo ndizo zinakuja kwanza. Staa mkubwa kushoto, namba nyekundu, mambo madogo chini. Si dhambi. Lakini ukichukua kiolezo cha mtu unachukua pia mawazo yake kuhusu nani ni mkubwa.

PWANI TULIKUWA NA NJIA YETU

Sasa kumbe hatukuhitaji kwenda mbali hivyo.

Wale mnaosoma ushairi mnajua: watunzi wengi wa zamani wa huku Pwani hawakuacha kazi bila anwani. Mwishoni mwa utenzi mtunzi anaingia mwenyewe, anataja jina au hali yake, mwaka wa Hijria, mara nyingine mpaka hesabu ya beti. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, ameacha mwaka na idadi ya beti ndani ya utendi wenyewe. Ukikosa ubeti mmoja, utajua. Hiyo ni orodha, hakiki na sahihi, vyote mahali pamoja, na vinaimbika.

Na kuna huyu jamaa wa Lamu, Muhamadi Kijuma. Mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji, mwanamuziki wa ngoma. Yaani alikuwa anatunga, anaimba, halafu anapamba ukurasa mwenyewe. Leo tungemwita mbunifu wa jarida la muziki. Mwaka 1913 aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo, na Liyongo si mgeni kwetu: kuna simulizi kwamba kaburi lake liko pande za Ozi na Kipini, hapa hapa kwenye mlango wa Tana. Kisa chake ni kisa cha muziki. Yuko gerezani Pate, anaimba ujumbe kwa kijakazi Saada ampelekee mama yake: tengeneza mikate, na ule wa makapi ufiche tupa ndani. Walinzi wanakula mikate mizuri, wanamwachia yeye ule mbaya. Halafu ngoma ya gungu inapigwa nje, watu wanapokea, na yeye anakata pingu huku sauti ya tupa ikimezwa na ngoma.

Angalia majina yaliyobaki kwenye hicho kisa. Liyongo, sawa, ni shujaa. Lakini Saada yupo. Msichana wa kazi aliyebeba ujumbe tu. Karne zimepita na bado tunamtaja, kwa sababu waliosimulia hawakusema "kijakazi mmoja" wakaachia hapo.

Halafu kuna Siti binti Saad. Mtoto wa familia ya watumwa, kutoka kijiji cha Fumba Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi na kampuni ya HMV, na akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoka kwenye santuri kwa Kiswahili. Kwa jinsi jamii ya wakati ule ilivyokuwa, mtu kama yeye hakutakiwa awe na jina kubwa. Santuri ndiyo iliyolichapisha. Miaka 60 baadaye, 1988, wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Ona safari hiyo: jina lililoandikwa kwenye lebo likaishia kuwa jina la jarida zima.

Na kwa wanafunzi wanaofikiri jarida la shule ni mchezo: Makerere, mwaka 1958, kulianzishwa jarida dogo la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Kijana mmoja kutoka Limuru alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akihusika na jarida hilo, akamwambia ameandika hadithi. Ilikuwa uongo. Hakuwa ameandika chochote. Kariara akaonyesha hamu, basi ikabidi jamaa aende akaandike kweli. Hadithi hiyo, "The Fig Tree", ilitoka kwenye Penpoint mwaka 1960. Kijana huyo wakati ule aliitwa James Ngugi. Dunia ilikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kabla ya vitabu vyote, alikuwa mstari mmoja kwenye orodha ya jarida la wanafunzi.

TULIVYOUPANGA UPYA

Basi tukarudi darasani. Nikawaambia: tufute. Tuanze na karatasi tupu na penseli, simu zikae mfukoni.

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Tulikubaliana kila mstari uwe na vitu vinne: wimbo au mada, mtu, lugha, mahali. Namba ya ukurasa kushoto, nene. Mada baada yake. Chini ya mada, mstari mdogo: nani ameimba, kwa lugha gani, kutoka wapi. Mstari mdogo, lakini mweusi. Kijivu hakuna. Sababu ya heshima ipo, na sababu ya mashine pia: jarida linatolewa kopi kwa rangi nyeusi, na kijivu kikipita kwenye fotokopi mara mbili kinageuka vumbi. Maandishi juu ya picha nayo yanapotea vilevile. Kwenye skrini utaona kila kitu, kwenye karatasi utaona wingu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, na hapa nitaongea wazi kwa sababu tunaishi hapa.

Tulipoweka majina na lugha, mvulana mmoja akaangalia orodha akasema, "Kwa hivyo Kipokomo kiko juu, Kiorma chini. Kama kawaida." Mwingine akamjibu, "Na nyinyi mngekaa juu, sisi tungeambiwa tunyamaze." Walikuwa wanatabasamu, lakini darasa lilipoa ghafla.

Ukiwa mgeni unaweza kucheka. Sisi hatucheki. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa hapa Tana Delta katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Hao wanafunzi walikuwa watoto wadogo tu, lakini wamelelewa na watu waliozika. Katika nyumba nyingi hapa, orodha yenye "wao" juu na "sisi" chini haisomwi kama mpangilio wa kurasa.

Mmoja akapendekeza tuwapange kwa alfabeti. Wazo zuri, lakini kichwa bado kingekuwa kabila. Mwingine akasema tupige kura. Nikawaambia kura inampa ushindi mwenye watu wengi, na hiyo ndiyo shida tunayoikimbia. Tukakaa.

Aliyetutoa ni yule yule msichana wa nyuma. Alisema: "Hizi nyimbo haziimbwi saa moja. Nyanya anaimba usiku. Wale wa ng'ombe wanaimba asubuhi. Si tufuate siku?"

Kimya. Halafu kila mtu akaanza kuongea kwa pamoja.

Yaliyomo ikagawanywa mara nne: Alfajiri, Mchana, Jioni, Usiku. Alfajiri ukakaa wimbo wa Kiorma wa kusifu ng'ombe wakitoka zizini. Mchana, wimbo wa Kipokomo wa kufukuza ndege kwenye mpunga, na kando yake nyimbo ambazo makondakta wa magari ya Malindi, Hola na Lamu wanazipiga wakisimama hapa Minjila. Jioni, ngoma ya Kigiriama, na kijana wa stejini anayerapu kwa Kiswahili na Kiorma akichanganya. Msanii wa Nairobi hatukumfukuza. Tunampenda. Yuko Jioni pia, kwa herufi sawa na wengine, kwa sababu ndio wakati tunamsikiliza. Usiku, bembelezi.

Kabila halikufichwa, lugha iko pale kwenye mstari mdogo, wazi, na kila mtu anajivunia yake. Ila haikuwa tena ndiyo inayoamua nani yuko juu. Jua ndilo linaloamua, na jua halina ukoo.

Jambo la tatu ni la kiufundi lakini ndilo linalowaangusha wengi. Nafasi ya Yaliyomo unaitenga mwanzo kabisa, ukurasa wa 2 au 3, lakini namba unaziandika mwisho, kurasa zote zikishatulia. Halafu mtu mmoja ambaye hakuandika anashika nakala iliyokunjwa, anasoma kila namba kwa sauti, mwingine anafungua. Tukifanya hivyo tuligundua namba tatu zimekosea. Ukiandika jina la mtu na ukamtuma msomaji ukurasa usio wake, umemtaja na kumpoteza kwa pamoja.

BADO KULIKUWA NA NYANYA

Mimi nilidhani tumemaliza. Tumeandika "Aliyeimba" na jina lake kamili, mzigo umetua. Lakini kabla ya kutoa kopi mjukuu alisema lazima nyanya aone kwanza. Haki yake. Wakaenda Jumamosi, nami nikafuatana nao.

Mjukuu akamsomea. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akasema huo wimbo si wake. Yeye aliimbiwa na mama yake, na mama yake naye aliimbiwa. Akisikia watu wameandika kwamba ni wa kwake peke yake, watamwona mwizi.

Nikiri, hapo nilijiona mdogo. Nilikuwa nimekuja na hoja yangu ya Malaika, mtunzi mmoja, jina moja, kesi moja. Bembelezi haifanyi kazi hivyo. Na pengine ndiyo maana kamati ya 1963 ilipata rahisi kuandika jina la kabila tu: kitu cha wengi kinaonekana kama hakina mwenyewe. Lakini nyanya hakusema hauna mwenyewe. Alisema una wenyewe zaidi ya mmoja, na mmoja wao anamjua kwa jina.

Kwa hiyo neno "wimbo wa asili" si uongo. Ni ukweli ulioishia katikati. Wimbo ni wa wengi, na bado kuna mtu aliyeubeba mpaka kwako. Kama Saada. Kama Mzee Galana. Unaweza kuandika yote mawili, nafasi ipo.

Mstari wa mwisho wa Yaliyomo, chini ya neno Usiku, sasa unasema: bembelezi ya Kipokomo, halafu jina lake, halafu "alifundishwa na mama yake," halafu jina la mama yake. Ulirefuka ukaingia mstari wa pili, ukaharibu safu yetu iliyonyooka. Kijana wa dizaini akaniuliza tuupunguze vipi.

Nikamwambia tupunguze picha.